Kabla ya Kulipia Kipimo cha "Jeni ya Uziwi": Mambo Ambayo Mlaji Anapaswa Kuyafahamu

Mzazi anapogundua kwamba mtoto wake hasikii, swali la kwanza linalomjia ni moja: jambo hili limetokana na nini? Katika nyumba nyingi swali hilo hufuatwa upesi na jingine lililo chungu zaidi: limetoka upande wa nani? Ni katika saa hiyo ya fadhaa ambapo mzazi hukutana na tangazo la kipimo cha vinasaba. Anaambiwa ateme mate ndani ya kichupa, au atoe matone machache ya damu ya mtoto, kisha atajulishwa kama "jeni ya uziwi" imo au haimo. Jeni inayotajwa mara nyingi katika vipimo vya namna hiyo huitwa GJB2.

Kipimo cha jeni hiyo si ulaghai. Kikifanywa na maabara stahiki, kwa mtu anayefaa kupimwa, na majibu yake yakafafanuliwa na mtaalamu, kinaweza kuituliza familia na kumwongoza daktari. Hata hivyo, kinajibu swali dogo kuliko watu wengi wanavyodhani. Na kwa wakazi wengi wa Afrika Mashariki, swali hilo ni dogo zaidi. Katika makala hii tunaeleza jeni hiyo ni nini, inafanya kazi gani sikioni, majibu ya kipimo chake yana maana gani, na mlaji aulize nini kabla ya kutoa fedha zake.

Jeni ya GJB2 na kazi yake

Jeni ni sehemu ya vinasaba yenye maelekezo ambayo mwili huyafuata, mara nyingi kwa ajili ya kutengeneza protini fulani. GJB2 ipo katika kromosomu ya 13. Ni jeni fupi: maelekezo yake ya kutengeneza protini yana herufi 681 tu za vinasaba. Protini inayotokana nayo huitwa konekisini 26, nayo imeundwa kwa asidi amino 226 zilizoungana mfano wa shanga katika uzi.

Kazi ya konekisini 26 ni kujenga njia baina ya seli na seli. Wenyeji wa Lamu wanalifahamu wikio, yaani chumba kinachojengwa juu ya kichochoro kuunganisha nyumba mbili, ili watu wa nyumba hizo watembeleane bila kushuka njiani. Seli za mwili nazo zina mawikio yake. Protini sita za konekisini hujipanga duara katika utando wa seli na kuacha tundu katikati. Seli ya jirani nayo huweka duara lake la protini sita. Maduara hayo mawili yakikutana uso kwa uso, hupatikana mfereji mmoja unaounganisha ndani ya seli hii na ndani ya seli ile. Mfereji huo ni mwembamba. Hupitisha vitu vidogo tu, kama vile madini yaliyoyeyuka, sukari na vijumbe vinavyobeba taarifa. Protini na vitu vingine vikubwa havipiti.

Sikio la ndani lina kiungo kilichojiviringisha kama konokono, kiitwacho koklea. Ndani yake zimo seli zenye vinyweleo ambazo hugeuza mtikisiko wa sauti kuwa ishara ya neva. Sauti inapovitikisa vinyweleo hivyo, madini ya potasiamu huingia ndani ya seli hizo. Ili seli ziwe tayari kwa sauti inayofuata, potasiamu hiyo sharti iondolewe na hatimaye irudi katika umajimaji ilikotoka. Seli zinazozizunguka seli za vinyweleo zimeunganishwa kwa mifereji ya konekisini, na wanasayansi wengi huamini kwamba ndizo zinazopokezana potasiamu hiyo mpaka ifike mahali pake. Tafiti za wanyama zimeonesha pia kwamba konekisini 26 huhitajika wakati koklea yenyewe inapokua. Kwa njia yoyote ile, mifereji ikikosekana sikio la ndani halifanyi kazi ipasavyo, ijapokuwa kwa nje sikio la mtoto linaonekana zima na afya yake nyingine haina dosari.

Hilo ndilo jambo linalowatatiza wazazi. Mtoto ananyonya vizuri, anacheka, anakua. Hakuna homa wala usaha unaotoka sikioni. Kinachokosekana ni njia ndogo baina ya seli, isiyoonekana kwa macho.

Hurithiwa kwa wazazi wote wawili

Kila mtu ana nakala mbili za GJB2: moja kutoka kwa mama, nyingine kutoka kwa baba. Katika aina ya uziwi inayotokana mara nyingi zaidi na jeni hii, nakala moja ikiwa nzima inatosha. Mtu husikia kama kawaida. Mtu mwenye nakala moja nzima na moja yenye kasoro huitwa mbebaji. Haumwi, hana dalili, na kwa kawaida hajui kwamba amebeba chochote.

Wabebaji wawili wakizaa pamoja, kwa kila ujauzito uwezekano ni robo moja kwamba mtoto atapokea nakala mbili zenye kasoro na kuzaliwa akiwa hasikii; nusu kwamba atakuwa mbebaji kama wazazi wake; na robo moja kwamba hatabeba kasoro yoyote. Hesabu hiyo huanza upya katika kila ujauzito. Kuzaliwa kwa mtoto mmoja kiziwi hakumaanishi kwamba watatu wanaofuata watasikia, na kuzaliwa kwa watatu wanaosikia hakumaanishi kwamba zamu ya kiziwi imefika.

Tunalisisitiza jambo hili kwa sababu ya madhara tunayoyafahamu katika jamii. Mara nyingi lawama ya mtoto kutosikia huelekezwa kwa mama: ukoo wake, mwenendo wake wakati wa ujauzito, au hata husuda za watu. Uziwi wa kurithi wa aina hii hauwezi kutokea kwa nakala ya mama peke yake. Palipo na nakala mbili zenye kasoro, moja ilitoka kwa baba. Wala hakuna mzazi aliyechagua cha kumrithisha mtoto. Ikiwa kipimo cha jeni kina faida moja isiyohitaji mashine wala dawa, ni kuondoa lawama hiyo katika nyumba.

Ndoa za ndugu wa karibu, zikiwemo za mabinamu, huongeza uwezekano wa wabebaji wawili wa kasoro ileile kukutana, kwa kuwa wote wawili huenda waliirithi kwa babu au bibi mmoja. Haimaanishi kwamba kila ndoa ya namna hiyo itazaa mtoto kiziwi. Zilizo nyingi hazizai.

Yapo pia mabadiliko machache ya GJB2 yanayofuata njia nyingine, ambapo nakala moja tu yenye kasoro hutosha kuleta uziwi, na mara nyingine pamoja na ugumu wa ngozi ya viganja na nyayo. Hayo ni nadra, na familia yenye dalili hizo inapaswa kuonana na daktari bingwa badala ya kununua kipimo cha rejareja.

Kasoro hutofautiana nchi kwa nchi

Hapa ndipo penye jambo ambalo mlaji wa Afrika Mashariki anapaswa kulishika zaidi ya yote.

Mwaka 1994 watafiti waliochunguza familia za Tunisia walitambua kwamba aina moja ya uziwi wa kurithi inatokana na sehemu fulani ya kromosomu ya 13. Mwaka 1997 ilithibitishwa kwamba jeni inayohusika ni GJB2. Tangu hapo zimegunduliwa kasoro zaidi ya 100 za jeni hii, na kila eneo la dunia lina zile zinazoonekana huko zaidi. Huko Ulaya na katika nchi zinazozunguka bahari ya Mediterania, kasoro iliyoenea huandikwa 35delG. Mahali palipo na herufi sita za G zinazofuatana, moja hupotea. Kuanzia hapo maelekezo yote husomeka vibaya, na protini hukatika kabla haijakamilika. Huko Asia ya Mashariki kasoro inayoonekana zaidi ni 235delC. Nchini India ipo nyingine, W24X.

Barani Afrika mfano unaojulikana zaidi ni wa kijiji cha Adamorobe nchini Ghana. Kwa vizazi kadhaa kijiji hicho kimekuwa na viziwi wengi, kiasi kwamba kina lugha yake ya alama, ambayo hata wanaosikia wengi huitumia. Mwaka 1998 ilitangazwa kwamba uziwi wa huko unatokana na kasoro ya GJB2 iitwayo R143W.

Kwa hiyo mtu angetarajia kwamba GJB2 ni sababu kubwa ya uziwi kote Afrika. Sivyo. Uchunguzi wa watoto viziwi wa Kenya na Sudan, uliochapishwa mwaka 2004, ulikuta kasoro za jeni hii kwa idadi ndogo sana. Uchunguzi uliofanywa katika jimbo la Limpopo nchini Afrika Kusini haukuzikuta kabisa. Hata Oman, nchi yenye udugu wa karibu na mwambao wetu, uchunguzi wa mwaka 2001 haukuzikuta kasoro hizo kwa watu waliopimwa.

Maana yake kwa mlaji ni hii. Kipimo kinachotafuta kasoro mbili tatu zilizozoeleka Ulaya kinaweza kuwa kizuri kwa mtoto wa Roma au Madrid, lakini kikamwambia machache mtoto wa Mwanza, Kisumu au Bujumbura. Jibu la "hakuna kasoro iliyoonekana" kwa mtoto wa kwetu si hati ya kuthibitisha kwamba uziwi wake si wa kurithi. Zipo zaidi ya jeni 100 nyingine zinazoweza kuleta uziwi, na kipimo hicho hakikuzigusa.

Aina tatu za vipimo

Vipimo vinavyouzwa kwa jina moja la "kipimo cha jeni ya uziwi" havilingani. Tunavigawa katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni vipimo vinavyotafuta kasoro chache zilizoteuliwa. Ni rahisi na vya haraka. Vingi vya vile vinavyonunuliwa moja kwa moja bila daktari vimo katika fungu hili.

Fungu la pili ni vipimo vinavyoisoma GJB2 yote, herufi kwa herufi. Kwa kuwa jeni ni fupi, kazi hiyo si kubwa kwa maabara. Kipimo kamili huangalia pia jeni jirani iitwayo GJB6, inayotengeneza konekisini 30, kwa sababu kipande kikubwa kikikatika hapo huweza kuiathiri GJB2 ijapokuwa yenyewe inasomeka nzima.

Fungu la tatu ni vipimo vinavyosoma jeni nyingi za usikivu kwa pamoja. Kwa familia ya Afrika Mashariki inayotaka kweli kujua chanzo, hivi ndivyo vyenye uwezekano mkubwa zaidi wa kutoa jibu. Kwa kawaida ni vya gharama zaidi, na mara nyingi sampuli hupelekwa nje ya nchi.

Mlaji asilipe kabla ya kujua anauziwa kipimo cha fungu lipi. Muuzaji asiyeweza kueleza tofauti hiyo hajui anachokiuza.

Namna ya kusoma majibu

Majibu ya maabara huja katika sura nne.

Kasoro mbili zimeonekana. Ikiwa kila mzazi amechangia moja, na zote zinajulikana kuleta uziwi, chanzo kimepatikana. Kwa kawaida uziwi wa namna hii hauambatani na ugonjwa wa moyo, macho au figo. Watoto hao mara nyingi hunufaika vizuri na kifaa cha usikivu kinachopandikizwa kwa upasuaji, kwa kuwa neva ya usikivu haikuathirika.

Kasoro moja imeonekana. Mtoto huenda ni mbebaji tu, na uziwi wake una chanzo kingine. Au ipo kasoro ya pili ambayo kipimo hakikuifikia. Jibu hili peke yake si utambuzi wa chanzo.

Hakuna kasoro iliyoonekana. Tumekwisha kueleza: kilichothibitishwa ni kwamba zile kasoro zilizotafutwa hazikuwepo. Hakuna zaidi.

Badiliko lisilojulikana maana yake. Si kila tofauti katika jeni ni ugonjwa. Yapo mabadiliko ya GJB2 yanayoonekana kwa watu wengi wanaosikia vizuri. Mengine bado hayajachunguzwa vya kutosha, na kwa kuwa tafiti nyingi zimefanywa kwa watu wa Ulaya na Asia, majibu ya namna hii huwapata Waafrika mara nyingi zaidi. Mtu asibadili mipango ya ndoa, uzazi au matibabu kwa kutegemea jibu hilo.

Usikivu upimwe kwanza

Kosa kubwa tunalotaka kumwepusha msomaji nalo si kupoteza fedha. Ni kupoteza muda.

Kipimo cha jeni hakipimi usikivu. Hakiwezi kusema mtoto anasikia kiasi gani leo. Kazi hiyo hufanywa kwa vipimo vingine visivyoumiza: kifaa kidogo huwekwa tunduni mwa sikio kupokea mwangwi unaotoka koklea, au vibandiko huwekwa kichwani kufuatilia namna neva inavyoitikia sauti. Mtoto mchanga anaweza kupimwa akiwa amelala. Mwongozo unaofuatwa na wataalamu wa nchi nyingi ni kwamba usikivu wa mtoto uchunguzwe kabla hajatimiza mwezi 1, uthibitisho upatikane kabla ya miezi 3, na msaada uanze kabla ya miezi 6. Sababu ni kwamba ubongo wa mtoto hujifunza lugha mapema sana, iwe ya sauti au ya alama. Mzazi anayesubiri majibu ya vinasaba kwa miezi kadhaa kabla ya kumpeleka mtoto kliniki ya masikio anaupoteza muda ambao haurudi.

Aidha, mtoto aliyefaulu kipimo cha usikivu siku za mwanzo anaweza kupoteza usikivu baadaye, wakiwemo baadhi ya wenye kasoro za GJB2. Mzazi akiona mtoto hashtuki kwa kishindo, haitiki akiitwa, au haanzi kutamka maneno kama wenzake, ampeleke tena, hata kama cheti cha kwanza kinasema yu salama.

Wala asisahau sababu zisizo za kurithi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu asilimia 60 ya upotevu wa usikivu kwa watoto hutokana na sababu zinazoweza kuzuilika. Miongoni mwake ni homa ya uti wa mgongo, surua, rubela kwa mama mjamzito, manjano kali ya mtoto mchanga, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, usaha wa masikio usiotibiwa, na baadhi ya dawa kama gentamaisini na streptomaisini. Kwa familia nyingi, chanjo na kliniki ya wajawazito ni kinga kubwa kuliko kipimo chochote cha vinasaba.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Tunashauri mlaji aulize maswali yafuatayo, na apate majibu kwa maandishi.

1. Kipimo hiki kinatafuta kasoro chache, kinasoma GJB2 yote, au kinasoma jeni nyingi? Kasoro zinazotafutwa ni zipi?

2. Sampuli itapimwa katika maabara ipi, na maabara hiyo imesajiliwa na nani? Nchini Tanzania huduma za vinasaba vya binadamu zinaongozwa na Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009, na msimamizi wake ni Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Mlaji ana haki ya kuuliza kama mtoa huduma anatambuliwa chini ya sheria hiyo.

3. Bei iliyotajwa inajumuisha nini? Je, imo gharama ya kusafirisha sampuli, ya kurudia kipimo sampuli ikiharibika, na ya kuonana na mtaalamu wa kufafanua majibu? Bei ndogo ya mwanzo huweza kuzaa malipo mengine matatu.

4. Nani atafafanua majibu, na kwa lugha ipi? Karatasi yenye herufi na tarakimu, bila mtu wa kuieleza, si huduma iliyokamilika.

5. Majibu yakija, yatabadilisha nini katika matunzo ya mtoto? Ikiwa daktari anasema hayatabadilisha chochote kwa sasa, fedha hizo huenda zikafaa zaidi kwa shimesikio, betri zake, au nauli ya kwenda kliniki.

6. Sampuli na taarifa zitahifadhiwa wapi, kwa muda gani, na nani ataziona?

Siri ya vinasaba

Swali la sita linahitaji maelezo. Taarifa za vinasaba si za mtu mmoja. Anayempima mtoto wake anafichua pia habari za mwenzi wake, ndugu zake na wajukuu ambao hawajazaliwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 zote zinaziweka taarifa za vinasaba katika kundi la taarifa nyeti zinazohitaji ulinzi wa pekee. Lakini sampuli ikitumwa kwa posta hadi nchi ya mbali, mlaji atapata tabu kudai haki yake. Mwezi Machi 2025 kampuni ya Marekani iitwayo 23andMe, iliyokuwa na taarifa za vinasaba za mamilioni ya wateja, iliomba mahakamani ulinzi wa kufilisika; wateja wakabaki wakijiuliza taarifa zao zitaangukia mikononi mwa nani. Mlaji asome masharti yote, na akatae kipengele kinachoruhusu taarifa zake kuuzwa au kutumiwa kwa utafiti bila idhini yake ya wazi.

Muuzaji wa kuepukwa

Zipo dalili zinazotosha kumfanya mlaji afunge mkoba wake.

Ya kwanza ni ahadi ya tiba. Hadi tunapoandika makala hii, hakuna dawa, kirutubisho, mafuta wala chai iliyothibitishwa kurekebisha jeni ya GJB2 kwa binadamu. Ni kweli kwamba mwaka 2024 yalitangazwa matokeo ya kutia moyo ya tiba ya jeni kwa baadhi ya watoto viziwi. Hiyo ilikuwa tiba ya jeni nyingine, OTOF, iliyofanywa kwa upasuaji na uangalizi mkubwa wa kitaalamu. Anayetumia habari hiyo kuuza chupa ya "kusafisha jeni" anadanganya.

Ya pili ni cheti cha "kutokuwa na jeni ya uziwi" kinachouzwa kwa wanaotarajia kuoana. Hakuna kipimo kinachoweza kutoa uhakika huo. Tena, viziwi wawili wakioana, watoto wao huweza kusikia vizuri ikiwa uziwi wa baba na wa mama una vyanzo tofauti. Kutumia kipimo kumkataa mchumba au kumnyanyapaa kiziwi ni dhuluma isiyo na msingi wa kisayansi.

Ya tatu ni kuharakishwa: punguzo la "leo tu", au kauli kwamba mtoto ataharibikiwa asipopimwa jeni wiki hii. Vinasaba vya mtoto vitakuwa vilevile mwakani. Kinachohitaji haraka ni kupima usikivu wake.

Kwa ufupi

Mtoto akishukiwa kutosikia, apelekwe kwanza kituo cha afya na kliniki ya masikio. Msaada wa mawasiliano uanze mapema. Huduma zipo na zinaongezeka: Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, kwa mfano, ilianza kupandikiza vifaa vya usikivu mwaka 2017. Lugha ya alama ni lugha kamili, na vyama vya viziwi vinaweza kumwelekeza mzazi mahali pa kujifunza. Kipimo cha GJB2 kije baadaye, kwa ushauri wa daktari, na kwa kufahamu kwamba kwa watu wa Afrika Mashariki mara nyingi hakitaonesha kitu.

Mlaji aliyeuziwa kipimo kwa maelezo ya uongo atunze risiti, tangazo na karatasi ya majibu, kisha afike ofisini kwetu kutoa malalamiko. Na mzazi aliyepokea majibu, yawe ya namna gani, asikubali karatasi hiyo iwe fimbo ya kumpigia mwenzake. Mtoto hatauliza jeni ilitoka upande wa nani. Anahitaji wazazi wote wawili wawe upande wake.